Majina Ndani ya Saa ya Mpingo

Ludlow,
Jumapili, 15 Januari 1995

Kwako Babu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye nyumba ya wazee ya Church Stretton, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. Kifua kimepungua? Sista amekubali kukuongezea blanketi? Sisi hatujambo, ila Mama ameleta mafua kutoka kiwanda cha mikate, na baridi ni kali hata maziwa yanaganda mlangoni kabla hatujayaingiza ndani. Mama anasema, kwa jinsi ulivyokuwa kiziwi, kukupigia simu siku hizi ni sawa na kulipigia kabati, kwa hiyo nakuandikia.

Kazi ya kufungasha karakana yako ya saa inakwenda vizuri. Kila siku nikitoka shule napita Mtaa wa Corve, napakia sanduku moja na kulibandika karatasi inayosema kilichomo. Mwenye nyumba ametupa mpaka Pasaka tuwe tumehama. Mama bado haingii. Akinifuata jioni husimama upande wa pili wa barabara na kunipungia mkono.

Juzi, kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya kakao, nilikuta kitu kimefungwa shuka. Ni saa ya mezani, sanduku lake la mpingo, na mkono wa shaba juu yake wa kuibebea. Kimo chake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nyuma ina mlango wa kioo, na ndani ya kioo bamba zima limechorwa maua ya tulipu, na katikati yake ndege mmoja mnene. Usoni imeandikwa Josiah Wherwell, London. Kikaratasi chake kinasema: Bi Corfield, Septemba 1985.

Kumbe Bi Corfield amefariki, na mpwa wake alikuja jana. Akauliza, "Shangazi alisema saa yake imelazwa hapa miaka tisa. Ni saa au ni mgonjwa?" Unajua nikiongea na watu nisiowajua ulimi unaganda. Nikasema, "Inapumzika." Alicheka sana. Akasema ataifuata tarehe 25 Machi, na angefurahi kama itakuwa inatembea. Nikamwambia, "Itatembea." Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Babu, ningependa saa ya mwisho kutoka karakana ya Pargeter itoke ikitembea. Nimekisoma kile kitabu cha maktaba cha kutengeneza saa mara tatu. Unaniruhusu?

Mjukuu wako,
Freda

*

Church Stretton,
20 Januari 1995

Mjukuu wangu Freda,

Barua yako imefika na imenifurahisha. Mimi ni mzima kwa kiasi cha uzima wa mtu wa miaka sabini na nane. Kifua kinakoroma kama paka. Jirani yangu wa kitanda, Bw. Tudge, ananiibia kwenye domino, nami namwibia sukari, kwa hiyo hatudaiani. Mpe mama yako pole ya mafua.

Saa ya Bi Corfield irudishwe kama ilivyo. Funga pendulamu kwa kitambaa isicheze, izungushie magazeti, itie sanduku, basi. Huyo mpwa mwambie Pargeter amezeeka, na hutakuwa umemwambia uongo. Kitabu cha maktaba hakijawahi kutengeneza saa hata moja. Kazi yake ni kukaa kwenye rafu.

Usiifungue, mama. Fungua zile saa za jikoni ukitaka, vunja hata zote. Hiyo iache.

Babu yako,
Ambrose Pargeter

*

Ludlow,
29 Januari 1995

Kwako Babu,

Natumai unaendelea vizuri na kwamba Bw. Tudge amekuachia walau mchezo mmoja. Mama amepona. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo wangu hauko sawa, kwa sababu sijakutii.

Nilikuwa naifunga kwa magazeti kama ulivyoagiza. Nilipoiinua, kengele yake ililia mara moja. Mara moja tu, lakini sauti ilikuwa safi kiasi kwamba nilikaa chini. Nikaona ni dhambi kuipeleka kwa mtu ikiwa imekufa huku ina sauti ya namna ile.

Nimeshaitoa kwenye sanduku lake. Nimetoa mishale, nimetoa uso. Mafuta yamekuwa ya kijani na magumu kama nta, na nimekuta buibui aliyekauka kwenye gurudumu la kengele. Jumamosi ijayo nitatoa pini nne na kutenganisha mabamba mawili ili nisafishe ndani. Sina hofu ya springi, kwa kuwa saa imesimama miaka tisa na nguvu yake imekwisha.

Nakuandikia kabla ya kufanya kwa sababu sitaki kukudanganya. Nilipokuwa na miaka sita ulinikalisha kwenye kile kigoda, ukanipa pini nizishike, ukasema nina mikono isiyo na haraka. Sijasahau.

Mjukuu wako,
Freda

*

Church Stretton,
31 Januari 1995

Freda,

Leo salamu zitasubiri. Usiguse hata pini moja kabla hujamaliza kusoma.

Saa kusimama si kuchoka. Springi ya saa kama hiyo haimalizi nguvu zake hata ikikaa miaka mia, kwa sababu fundi huikaza kidogo tangu siku ya kuifunga, na ukazo huo haulegei mpaka mtu aulegeze. Ukitoa pini na nguvu imo ndani, mabamba yataruka, magurudumu yatazunguka mpaka meno yang'oke, na uzi wa utumbo wa kondoo unaovuta magurudumu utachapa kama mjeledi. Cyril Beddoes alikuwa fundi miaka ishirini, siku moja akasahau, na tangu siku hiyo akawa anatazama dunia kwa jicho moja.

Sasa sikiliza. Ulipotoa uso, kwenye bamba la mbele, chini, umeona ncha mbili za mraba, moja kila upande, kila moja na gurudumu dogo la meno na ulimi wa kulizuia. Tia ufunguo kwenye ncha ya kwanza. Shika kwa mkono mzima, si kwa vidole. Kaza kidogo sana, utahisi ulimi umekuwa mwepesi. Uinue kwa kidole gumba cha mkono wa pili, kisha acha ufunguo ugeuke kiganjani mwako polepole, nusu mzunguko, rudisha ulimi, pumua, rudia. Usiuachie hata ukiumia. Hata mama yako akiita. Uzi ukilegea kabisa, nenda ncha ya pili. Ndipo utoe pini.

Ningekuwa na miguu ningekuja kukunyang'anya mwenyewe. Basi fungua, osha, kausha, funga. Usikae kusomasoma kila kitu. Nakujua, wewe husoma hata karatasi ya sabuni.

Niandikie siku hiyo hiyo kwamba vidole vyako vipo.

Babu yako

*

Ludlow,
Jumapili, 5 Februari 1995

Kwako Babu mpendwa,

Vidole vyote kumi vipo. Natumai barua hii imekukuta umelala usingizi mzuri, kwa sababu mimi usiku wa kuamkia jana sikulala.

Nilifanya kama ulivyosema, hatua kwa hatua, barua yako ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Ufunguo uliposukuma kiganja changu mara ya kwanza niliogopa, ulikuwa kama mnyama anayetaka kutoka. Lakini niliushika. Sasa vipande vyote viko kwenye kitambaa, vimeoshwa, na vinang'aa.

Babu, nimesoma. Najua ulikataza, lakini nilipogeuza bamba la nyuma, upande wa ndani ambao hauonekani saa ikifungwa, nilikuta mafundi wameandika majina yao kwa ncha ya sindano. Ulikuwa hujawahi kuniambia kuhusu desturi hii. Yuko Thos. Moss, 1761. Yuko J. Hollis, 1838, halafu Hollis tena, 1851, na mbele yake ameandika "mvua". Wewe upo, A. Pargeter, 1958. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Chini yako kuna D. Pargeter, 9 Feb 1986.

Niliitazama kwa lenzi mara nyingi. Ni Baba. D yake ina mkia, kama kwenye kitabu changu cha picha alichoniandikia jina. Lakini Baba aliondoka nyumbani Jumamosi tarehe 8, akapatikana amekufa mtoni Jumanne tarehe 11, na wewe uliliambia baraza la uchunguzi wa kifo chake kwamba hukumwona tangu Krismasi. Nimekagua kalenda kwenye maktaba, tarehe 9 ilikuwa Jumapili.

Labda alikosea tarehe? Watu hukosea tarehe. Mimi mwenyewe Januari nzima nilikuwa naandika 1994 kwenye daftari za shule. Tafadhali niambie.

Mjukuu wako,
Freda

*

Church Stretton,
13 Februari 1995

Mjukuu wangu,

Nashukuru kwa vidole. Mimi sijambo.

Baba yako hakujua tarehe hata siku moja. Angeweza kukuandikia Februari katikati ya mavuno. Usilifanye kubwa.

Droo ya tatu kushoto kuna jiwe la kusugulia, la kijivu, limefungwa ngozi. Lilowanishe, usugue jina hilo mpaka lipotee, halafu funga saa. Kazi ile haikuwa imekaguliwa. Katika karakana yangu fundi hutandaza vipande, mimi natazama kila kimoja, na nikiridhika namwambia "andika". Hakuna aliyewahi kuandika kabla sijamwambia. Hiyo ndiyo sheria, nami niliikuta kwa baba yangu.

Mama yako ana mengi. Usimwongezee.

Babu yako,
Ambrose

*

Ludlow,
19 Februari 1995

Kwako Babu,

Nakutakia afya njema. Sisi tu wazima.

Sijasugua. Nimelitoa jiwe, nimelilowanisha, nimelirudisha.

Kuna jambo moja katika barua yako silielewi. Unasema kazi ya Baba haikuwa imekaguliwa. Kama hukumwona, ulijuaje kwamba alikuwa ameandika jina kabla ya kuambiwa? Nimejaribu kutafuta maelezo mengine. Nimejaza kurasa mbili za daftari na sikupata.

Acha nikuambie ninachokumbuka. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ngazi. Jumamosi usiku Mama alimpigia Baba kelele: "Nenda basi kwa baba yako, ukalale na saa zake!" Baba akatoka. Jumapili nzima Mama alizunguka na kitambaa cha vyombo begani, hapangusi chombo chochote. Saa kumi jioni alikupigia simu. Nilisikia upande wake tu. Alisema, "Baba, Denys yuko huko?" Akasikiliza. Akasema, "Tangu Krismasi? Haya. Akija, mwambie anipigie." Akaweka simu, akabaki ameishika kwa mkono kama anaizuia isiruke.

Tangu Baba apatikane, Mama havuki daraja la Ludford, juu ya mto ule. Anapita njia ndefu. Mjini watu walisema ndiye aliyemfukuza mumewe, na kwamba maneno ya mwisho Baba kuyasikia duniani yalikuwa yale. Wewe kwenye mazishi hukumpa mkono. Niliona.

Sikuandikii ili nikuhukumu. Nataka kujua kama Mama amekuwa akibeba kitu ambacho si chake. Naomba uniambie yote. Nitasubiri mpaka tarehe 11 Machi, kisha nitamwonyesha bamba.

Samahani kama nimekosa adabu.

Mjukuu wako,
Freda

*

Church Stretton,
10 Machi 1995

Mjukuu wangu Freda,

Natumai u mzima, na mama yako pia. Nimeanza barua hii mara sita. Bw. Tudge anadhani naandika wosia, ameniomba nimwachie viatu.

Alikuja Jumapili saa tatu asubuhi, amelowa, sijui alilala wapi. Hakusema kwamba amekosana na Margery, mama yako, nami sikumwuliza. Alisema, "Baba, nina kazi ya kumaliza." Nikamjibu, "Kazi ipo tangu Septemba. Wewe ndiye ulikuwa hupo." Alicheka kidogo, akavaa aproni.

Alifanya kazi ile siku nzima kama sijawahi kumwona. Denys alikuwa mzito, kila kitu kwake kilichelewa, lakini siku hiyo mikono yake ilikuwa inajua. Saa kumi simu ililia. Siku zile nilikuwa bado nasikia. Ilikuwa mama yako. Denys alinitazama, akatikisa kichwa, maana yake niseme hayupo. Nikasema hayupo.

Saa kumi na mbili akatandaza vipande vyote kwenye kitambaa, akasimama pembeni, mikono nyuma. Nilivitazama kwa lenzi dakika arobaini. Hapakuwa na kosa, Freda. Nataka ulijue hilo. Hata mimi nisingefanya vizuri zaidi. Halafu nikageuza bamba, nikaona jina bado bichi, linang'aa chini ya langu.

Nikasema, "Nani kakuambia uandike?"

Akasema, "Nilidhani leo ungeniambia."

"Basi ulidhani. Sugua." Nikamsogezea jiwe.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, ana mke na mtoto, nami nilisema naye kama mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeshalipata neno mdomoni, lile "andika", nikalimeza kwa sababu ya sheria. Hakusugua. Alinawa mikono, akapangusa kidole kimoja kimoja, akasema, "Usiku mwema, Baba." Sikumjibu. Nilidhani atarudi Jumatatu.

Alipopatikana, nilifunga ile saa kwa mikono yangu mwenyewe na kuipandisha rafuni. Na mimi lile jina sikulisugua. Nilijaribu.

Barazani waliponiuliza, nilikuwa nimeshasema "hayupo" kwenye simu, na Margery amekaa mbele yangu. Nikarudia. Baadaye nikaona watu wanamlaumu yeye, nikanyamaza. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Baraza lilisema haijulikani kama aliteleza au la. Mimi pia sijui. Najua tu mtu wa mwisho kusema naye alikuwa nani.

Mwonyeshe.

Babu yako

*

Ludlow,
14 Machi 1995

Kwako Babu,

Barua yako imefika. Nashukuru kwamba umeandika. Natumai hujaumwa.

Jumamosi nilimsubiri Mama upande wa pili wa barabara anaposimama siku zote, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Njoo uone kitu." Akasema, "Kama ni buibui mwingine, mpe jina umfuge." Lakini alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia tangu nikiwa mdogo. Alisimama katikati ya chumba bila kugusa kitu, kama mtu aliye kwenye duka la vioo.

Nilimpa lenzi na bamba. Alisoma majina kwa sauti, Moss, Hollis, wewe, halafu akalisogeza bamba karibu na dirisha. Nikampa barua yako. Aliisoma akiwa amekaa kwenye kigoda changu, magoti yakiwa juu karibu na kidevu. Aliisoma mara tatu. Nilidhani atalia, au atakutukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja.

Alisema, "Alitikisa kichwa?"

Nikasema, "Ndivyo alivyoandika."

"Alijua ni mimi, akatikisa kichwa." Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile. "Haya. Angalau sasa najua."

Tangu siku hiyo haongei sana. Ninamsikia usiku akitembea jikoni. Mimi nilidhani ukweli ungemtua mzigo, Babu. Nilikuwa na uhakika kabisa. Sasa naona kama nimemwongezea wa pili juu ya wa kwanza.

Jumamosi hii atapanda basi kuja huko. Hataki niandamane naye. Tafadhali weka penseli na karatasi karibu, kwa sababu hatapiga kelele ili umsikie. Amesema hivyo.

Mjukuu wako,
Freda

*

Church Stretton,
20 Machi 1995

Freda,

Najua mama yako hatakuambia yaliyotokea, kwa hiyo nakuambia mimi. Natumai alifika salama. Mvua ilikuwa kubwa.

Alikuja saa nane mchana. Hakuvua koti. Bw. Tudge alimkaribisha kiti na kumwambia amechelewa miaka hamsini, vinginevyo angemchumbia. Mama yako alimtazama tu, maskini mzee akarudi kwenye domino zake. Nilimpa penseli, na karatasi nilizokuwa nazo, zile za kuchagulia chakula cha wiki. Aliandika nyuma yake.

Kwanza aliandika: "Alikula?"

Nikasema hapana. Nilimpa chai vikombe viwili. Mimi mwenyewe saa saba nilikula mkate na jibini mezani pale pale, sikumkatia. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuchelewesha kazi tangu Septemba.

Halafu akaandika: "Alitikisa kichwa kweli?"

Niliitazama karatasi ile mpaka maandishi yakaanza kutembea. Ningeweza kusema ndiyo. Ulikuwa umeniandikia kwamba angalau sasa anajua, nikaona nimempa kitu cha kushikilia, na kitu chenyewe ni uongo kama wa kwanza, tena mbaya zaidi.

Hakutikisa kichwa, Freda. Simu ilipolia aliinua uso haraka, lenzi bado iko jichoni, akaniuliza, "Ni Margery?" Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia, "Ni mteja." Halafu nikamwambia mama yako hayupo.

Yalikuwa yamebaki magurudumu mawili. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri kama haijawahi kwenda. Nilijua akisikia sauti ya mkewe atavua aproni na kuondoka, na saa itakaa mwaka mwingine. Nilitaka iishe. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Aliinamisha uso akaendelea. Hakuuliza tena. Sasa ndipo naelewa kwamba alikuwa akiisubiri simu ile tangu asubuhi, na kwamba alitoka mlangoni kwangu akiamini hakuna aliyemtafuta.

Niliyasema yote hayo kwa mdomo. Kiziwi hajui sauti yake ina ukubwa gani. Naona niliyasema kwa ukumbi mzima, maana watu wote walikuwa wamegeuka, na Sista alisimama mlangoni na sinia mkononi.

Mama yako aliikunja ile karatasi, akaitia mkobani, akafunga vifungo vya koti ambavyo hakuwa amevifungua. Penseli aliiweka juu ya meza, sawasawa na ukingo. Basi lake lilikuwa la saa kumi na moja. Aliondoka saa tisa na nusu, akasubiri kituoni kwenye mvua, nami nilimwona kupitia dirishani mpaka basi lilipokuja.

Nimeiandikia ofisi ya uchunguzi wa vifo, nikawaeleza kwamba niliapa uongo. Watafanya watakavyo.

Sikuombi kitu.

Babu yako,
Ambrose Pargeter

*

Ludlow,
Jumapili, 26 Machi 1995

Babu,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo. Mama anakwenda kazini na anarudi.

Mpwa wa Bi Corfield alikuja jana kuichukua saa. Tangu niifunge ilikuwa imetembea siku kumi bila kusimama. Majina yote yamo. Aliuliza, "Mgonjwa amepona?" Nikasema amepona, nikamsaidia kuibeba hadi garini.

Barua yako ya tarehe 20 niliisoma peke yangu kwanza. Kisha nilimwambia Mama kwamba najua. Alikuwa anamenya viazi. Niliogopa kuuliza, lakini niliuliza: kama siku ile Babu angempa Baba simu, ungemwambia nini?

Hakuacha kumenya. Alisema, "Ningemwambia nimekosea, arudi nyumbani. Na kwamba nimemwekea nyama ya kondoo kwenye oveni, inakauka."

Nikamwuliza kama naweza kukuandikia hayo. Akasema, "Mwandikie. Siku ile yalikuwa yapitie kwake."

Basi hayo ndiyo maneno. Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kupunguza. Jumapili ijayo sitakuja kukuona, na ile nyingine sijui.

Mjukuu wako,
Freda